Siku Tumbo Langu Lilipopunguzwa Kama Suruali

Kama unasoma haya ukiwa kwenye foleni ya daktari, umekalia nusu ya kiti kwa sababu nusu nyingine ya mwili wako haikupata nafasi, basi nimekuandikia wewe. Nami nimekaa hapo. Niliwahi kujaza benchi la watu wanne peke yangu, mtu akaja akaniuliza kama kuna nafasi, nikamwambia nafasi ipo, ila nimeikalia.

Sina udaktari. Nina cheti cha kidato cha nne cha shule ya jioni, nilichokipata nikiwa tayari baba wa watoto wawili, na nina cherehani mbili barazani kwangu Levolosi, Arusha mjini. Mambo ya ndani ya tumbo waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakusimulia yale ambayo hawana muda nayo: namna unavyongoja, namna ngozi inavyobaki bila mwenyewe, na namna mama mzazi anavyokutazama unaposukuma sahani yake.

Naitwa Anaeli. Kwetu ni Nkoaranga, huko juu kwenye kahawa na migomba, lakini mjini nimekaa miaka mingi. Ufundi cherehani ni kazi ya kukaa. Mitumba ilipofurika, watu wakaanza kununua suruali zilizokwisha kushonwa Ulaya, mimi nikahamia kwenye sare za shule na majoho ya kwaya, nikakaa zaidi. Halafu mbele ya baraza langu likafunguliwa banda la chipsi, na pembeni yake friji la soda. Sikuhitaji hata kusimama. Nilikuwa nanyanyua kidole tu, chipsi mayai inakuja yenyewe kama imeitwa jina. Daktari alisema baadaye kwamba hata ukoo unachangia. Nilimshukuru, lakini ukoo haukuwa unanyanyua kidole.

Watu walinisifu. "Fundi umependeza! Maisha yamekukubali!" Nami nikajiona nimekubaliwa. Futi yangu, ile ninayoivaa shingoni, ina inchi sitini. Siku moja nilitaka kujishonea suruali ya harusi, nikajizungushia kiunoni. Ikatembea, ikatembea, ikafika mbavu za upande wa pili, ikaisha. Kikabaki kiganja kizima cha tumbo kisichopimwa na mtu. Mke wangu, Mama Upendo, ambaye ni Mchaga wa Marangu na hacheki ovyo, siku hiyo alicheka hadi akakaa chini. Akaunganisha futi na kipande cha lastiki, tukapima. Nikashona suruali ambayo ungeweza kuifunikia trekta.

Tulicheka kwa miaka. Kicheko kiliisha siku ya kumzika baba.

Baba alifariki katikati ya masika. Kwetu gari linaishia kwenye daraja la mbao. Kutoka hapo hadi nyumbani ni njia ya miguu, inapanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na siku hiyo ilikuwa tope tupu. Jeneza likapandishwa na vijana wanane, likafika. Mimi nikapiga hatua kama arobaini, nikaishiwa pumzi, nikashika mgomba, mgomba ukang'oka. Tukaenda chini pamoja. Moyo ulikuwa unagonga hadi kwenye meno.

Wajomba wakasimama wakajadili kunibeba kwa machela. Mmoja akasema vijana wamechoka na jeneza. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Hata wasingechoka." Nilimsikia. Wakanirudisha kwenye gari polepole, wakapanda wao.

Kwetu, mchungaji akishatia udongo, anayefuata ni mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mimi. Nilikaa kwenye gari mlango ukiwa wazi, nikasikia wimbo unaanza huko juu, kisha ukanyamaza. Walikuwa wananingoja. Mara nikamwona mdogo wangu Aminieli anashuka mbio anateleza, ameshika leso iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na udongo wa kaburi.

"Kaka, ushike tu, uuombee, niurudishe. Mchungaji anangoja na mvua hiyo inakuja."

Nikaushika. Ulikuwa wa baridi na mzito kuliko nilivyotegemea. Nikashindwa kuuachia.

"Waambie waendelee," nikasema.

"Na udongo?"

"Nitauleta mwenyewe."

"Lini, kaka?"

Nikaitia leso mfukoni. Akapanda peke yake, wimbo ukaanza tena. Huo ndio ugonjwa wangu. Presha, sukari, magoti, kukoroma hadi majirani wanahama, yote hayo nilikuwa nayo na nilikuwa nayacheka. Ila mtu kushindwa kumfikia baba yake hatua mia tatu, hilo sikuweza kulicheka.

Nyumbani nilishona kimfuko kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suti ya msiba, nikautia udongo ule ndani, nikakitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja wakaniuliza kama ni dawa ya kuvuta biashara. Nikawaambia ndiyo.

Ilipofika Juni, wakati wa ile baridi ya Arusha inayofanya hata cherehani ikohoe, daktari wa mjini alitaka uzito wangu. Nikapanda kwenye mizani yake, mshale ukaenda hadi mwisho ukagoma. Akaniambia nitafute mizani ya mizigo. Unacheka? Nilikwenda kwenye chama cha kahawa, nikasimama kwenye ubao ule wa magunia, karani akasogeza vyuma, akasogeza tena, akavua kofia.

"Kilo mia moja sabini na mbili. Nimeshakutolea kilo moja ya nguo, kama tunavyotoa ya gunia."

Daktari akaniambia kuna hospitali Nairobi wanapunguza tumbo kwa kisu. Tulikuwa na kiwanja Kisongo, tulichokuwa tunakipangia nyumba kila Jumapili baada ya kanisa: hapa jiko, hapa varanda. Nilimwogopa Mama Upendo siku mbili kabla sijamwambia. Alisikiliza huku anakunja vitambaa, akasema, "Kiuze. Mimi sikuolewa na kiwanja."

Sasa nikuambie kosa langu, maana hapa ndipo nataka unisikilize zaidi. Mama yangu sikumwambia. Nilijua ataita kikao, na kwenye kikao wajomba watasema, "Dawa ya kula si kufunga mdomo? Kupasuliwa kwa nini?" Nikamdanganya kwamba nakwenda Nairobi kusomea mashine mpya za kushona. Na mke wangu nikamwapisha asifungue kinywa.

Chumba cha kungojea cha Nairobi kilikuwa cha kwanza maishani mwangu kuwa na viti vipana visivyo na mikono. Nilikaa, nikabaki na nafasi kushoto na kulia. Nusura nitoe machozi kwa sababu ya kiti. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Nakuru, mwembamba wa kawaida tu, anatafuna kitu kidogo kwa muda mrefu sana.

"Wewe ni wa kukatwa ama ni wa kurudi?" akaniuliza.

"Wa kukatwa."

"Pole, na hongera. Mimi ni wa kurudi." Akatoa kitambulisho chake. Picha ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mashavu yamefunga macho. "Huyo ni mimi. Hata polisi hawaamini." Kisha akaacha kucheka. "Uko na mama?"

"Ninaye."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie. Watu wa nyumbani watakumaliza na chakula. Na si kwa ubaya, ni kwa mapenzi. Ubaya ungekuwa rahisi, ungekataa tu."

Nikamwitikia kwa adabu, nikasahau kabla hajafika mlangoni.

Daktari alinichorea tumbo kwenye karatasi, akapiga mstari wa kalamu toka juu hadi chini. Sehemu hii inabaki, hii kubwa inatolewa, hapa tunashona. Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni kupunguza suruali." Akacheka, akasema ndiyo, ila kitambaa kikishakatwa hakirudi. Na alinitisha vya kutosha: si uchawi huu, ni mshono tu, ukiuchezea utaachia, ukila ovyo, ndani ya miaka miwili utarudi ulikotoka. Kabla ya kisu akanipa mwezi mzima wa uji na mboga ili ini lipungue. Mwezi ule nilimchukia kila mtu mwenye meno.

Siku yenyewe naikumbuka kama taa nyeupe na baridi ya miguu. Nilipozinduka, kiu ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningekunywa Ziwa Duluti na samaki wake. Nesi akanipa maji kwenye kifuniko cha chupa ya dawa. Kifuniko! Mimi niliyekuwa nafungua soda mbili kwa pamoja ili zisione upweke. Nikanywa nusu, nikahisi nimemeza mto mzima. Nikamrudishia.

"Nimeshiba," nikamwambia, na nilishtuka kusikia neno hilo likitoka kinywani mwangu na likiwa kweli.

Nikarudi Levolosi mwanzoni mwa Agosti. Wiki ya kwanza maji na supu iliyochujwa. Ya pili, uji mwepesi ambao unaweza kuona chini ya kikombe. Nilibeba saa ya mkononi na kunywa kidogo kila baada ya dakika chache, kama mtu anayelisha kifaranga. Banda la chipsi lilikuwa palepale. Mama Upendo na watoto walikuwa wanakula jikoni wamesimama, mlango umefungwa, ili nisione. Niliwasikia wanavyojitahidi kutafuna kimya. Jambo lile liliniuma kuliko mshono, nikawaomba warudi mezani.

Shingo ndiyo ilianza kupungua. Kisha uso. Mjini kwetu mtu akipungua hapewi hongera, anapewa pole. "Fundi, unaumwa nini?" Wengine hawakuuliza, waliongea chini wakifika kona. Mteja mmoja alikuja kuchukua joho lake kabla halijaisha, akasema atalimalizia kwingine, asije akalikosa. Habari zikapanda mlimani haraka kuliko gari: Anaeli anakwisha, na yule mwanamke wake hampi chakula.

Wiki ya tatu, mama akashuka.

Mama yangu ni mwembamba, mrefu, amechuma kahawa maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwenye jambo la chakula. Kwetu ukisema "nimeshiba" mara ya kwanza haihesabiwi, hiyo ni adabu. Mara ya pili ni maringo. Mara ya tatu labda atakufikiria. Alifika amebeba kindoo chenye mfuniko, na ndani kulikuwa na loshoro, chakula chetu cha mahindi na ndizi kilichopondwa na maziwa ya mgando. Alikuwa amekoboa mahindi mwenyewe.

Mama Upendo akapiga goti. "Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Alinitazama mimi, kuanzia shingoni hadi kwenye suruali niliyoifunga kwa kamba.

"Mwanangu, nani anakula chakula chako?"

"Hakuna, mama. Ni kazi tu."

"Kazi ya kukaa inamkausha mtu?" Akamgeukia mke wangu. "Nilikuletea mtoto amejaa nyumba. Unanirudishia nini?"

Mama Upendo alinitazama mara moja tu. Alikuwa ameapa. Akainamisha kichwa akanyamaza, na mama akaona kunyamaza kule ni kukiri.

"Leta bakuli," mama akasema. "Atakula namwona."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: mama, nimefanyiwa oparesheni. Badala yake nikachukua kijiko. Nilijiambia viwili tu, vya heshima. Loshoro ile, ndugu yangu, baada ya wiki tatu za maji ya uji! Malaika wangeshuka na vijiko. Nikala cha kwanza, cha pili.

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba."

Cha tatu, cha nne.

"Mama, kweli nimeshiba."

"Unamwogopa huyu. Kula."

Nilikula vijiko nane. Cha nane kilipoingia, nilisikia kitu kama kipande cha kuni kimekwama kifuani. Mate yakajaa, jasho likanitoka, nikapiga magoti kwenye sakafu. Kilichofuata sitakieleza, labda wewe pia unasubiri chakula cha mchana. Nakumbuka Mama Upendo anapiga kelele, "Mshono! Mshono!" na mama anauliza, "Mshono gani?"

Nililazwa siku tatu, dripu mkononi, sina ruhusa hata ya maji. Madaktari walipiga simu Nairobi, wakanipiga picha, wakangoja. Swali lilikuwa moja: mshono umeachia au haujaachia. Nilikuwa nimelala nikihesabu mbao za dari, na mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia yote yaliyosemwa kwenye benchi la nje.

"Nimemuua mwanangu," mama alisema. "Nimemuua kwa mikono yangu na maziwa yangu."

"Hujamuua, mama," Mama Upendo akajibu. "Alikuficha. Alikatwa tumbo Nairobi. Aliniapisha nisiseme, nami nikakaa kimya ukinitukana mbele ya wanangu. Leo nimemaliza kiapo. Akiamka anidai."

Benchi likalia, mtu ameinuka. Kisha mama akaingia, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mimi nilikubeba kwenye tumbo langu miezi tisa. Wewe la kwako umelitupa Nairobi?"

"Nimelipunguza, mama."

"Kwa nini?"

Nikageukia ukutani. Ni Mama Upendo aliyekwenda nyumbani akarudi na kile kimfuko cheusi, akamwekea mama mkononi. Mama akakifungua, akanusa. Mkulima anaijua ardhi yake.

"Huu ni wa kwetu," akasema. Akakaa kwenye kitanda changu. Alikifunga tena taratibu, akakaza uzi kwa meno, akakiweka kifuani pangu. "Mpumbavu wewe. Ungeniambia, ningekuja na uji."

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. Alimgeukia mke wangu akamwambia, "Marahaba, mwanangu." Shikamoo ile ya siku tatu nyuma ilikuwa bado haijaitikiwa.

Mshono haukuachia. Nilitoka dhaifu kama karatasi ya kukatia nguo, nikaanza upya na maji.

Vuli ilipoingia, mwili ulikuwa unaondoka kila siku kama mteja asiyeaga. Nywele zilikatika kwa mafungu, zikarudi baadaye. Baridi ikanipata, mimi niliyekuwa nalala bila shuka mwezi wa saba. Ngozi ilibaki ikining'inia tumboni na mikononi kama joho la kwaya alilovaa mtoto, na bado ninayo. Hakuna fundi wa kuipinda bila kisu kingine. Suruali ile ya kufunika trekta niliipunguza mara nne, na mabaki yalitosha foronya za nyumba nzima. Vidonge vya sukari vikapunguzwa, vingine vikaondolewa. Vya vitamini nitameza hadi nizikwe.

Siku mbaya zilikuwepo. Niliwahi kulia kwenye harusi kwa sababu ya sahani ya ndizi nyama, si kwa njaa, ila kwa kumkumbuka mtu aliyekuwa anaila. Nilimkosa yule jamaa. Alikuwa mcheshi na kila mtu alimpenda.

Lakini kulikuwa na mengine. Nilifunga kamba za viatu mwenyewe, nikazifungua, nikazifunga tena. Na asubuhi moja Mama Upendo alinikumbatia, akasimama ghafla. "Baba Upendo," akasema, "mikono yangu imekutana." Imekutana nyuma, mgongoni kwangu. Tulisimama hivyo hadi uji ukamwagika jikoni.

Krismasi ndugu zetu wote walipanda Nkoaranga, na wa Dar es Salaam walikuja na saruji na vigae vya kujengea kaburi. Mama akakataa. Akawaambia kuna udongo haujafika, na ukishafunikwa kwa saruji hautaingia tena. Mjomba mmoja akalalamika kwamba saruji itaganda stoo kwa ajili ya mtu mmoja. Mama akamjibu, "Ikiganda mtanunua nyingine. Mtoto wa kwanza hanunuliwi."

Nilijaribu kupanda siku ile ile. Nilijiona nimepungua, nikadhani miguu imepona yenyewe. Nilipofika nusu ya njia macho yakaingia giza, maana nilikuwa nimekula vijiko vitatu tu tangu alfajiri. Aminieli akainama mbele yangu. "Panda mgongoni, kaka. Sasa hivi unabebeka." Na kweli nilikuwa nabebeka. Lakini sauti ya mama ikashuka toka juu kwenye migomba, "Asibebwe mtu! Aje kwa miguu yake!"

Nikarudi chini na kimfuko changu. Baadaye nilisimuliwa kwamba huko juu walisema masika yakija tuta la kaburi litakuwa limelala chini kabisa, na shemeji mmoja akasema ni aibu, marehemu anaonekana kama hana watoto. Mama akafunika kaburi kwa majani ya migomba na turubai, akaweka mawe pembeni. Kila mvua ilipopita, alikuwa anakwenda kukaza mawe.

Basi nikaanza kutembea. Nilitoka Levolosi hadi sokoni na kurudi, kila asubuhi, Januari yote na jua lake. Wauza chipsi wakanipigia makofi. Nilijifunza kula mayai na maharage yaliyopondwa kwanza, mengine baadaye. Nilirudi kwenye chama cha kahawa, karani akasogeza vyuma upande wa pili. "Mia moja na tisa. Gunia limetoboka wapi?"

Mwanzoni mwa Machi mawingu yakaanza kukaa juu ya Meru na kukataa kuondoka. Mama akanitumia ujumbe kupitia Aminieli, maneno manne: fundi wa saruji Jumamosi. Hakuniuliza kama niko tayari. Alikuwa ameshindwa kuishikilia mvua zaidi ya hapo.

Jumamosi tulishuka darajani saa mbili asubuhi, mimi na Mama Upendo. Nilishika fimbo mkono mmoja, kimfuko kwenye mfuko wa shati. Sitakudanganya kwamba nilipanda kama swala. Nilisimama mara kumi na moja, mara mbili nikakaa. Kwenye hatua ya arobaini tulimkuta chipukizi wa mgomba ule nilioung'oa, amefika begani kwangu. Nikamshika kidogo, kwa adabu. Hakung'oka.

Sehemu ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Mama Upendo alikuwa nyuma yangu, mikono ameiweka tayari lakini hanigusi. Nilisikia koleo linagonga changarawe, nikajua fundi wa saruji amekwisha kuandaa. Kisha migomba ikaachana na nikaona turubai.

Mama alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi. Alivuta turubai, akaondoa majani. Tuta lilikuwa limebaki kama shuka lililotandikwa. Nikafungua kimfuko. Udongo ulikuwa umekauka ukawa vumbi, kidogo kuliko nilivyoukumbuka, haukujaza hata kiganja.

"Baba, shikamoo," nikasema. "Nimechelewa."

Nikaumwaga. Upepo ulichukua kidogo, mwingine ukaingia mahali pake.

Fundi wa saruji alikohoa, akatazama mawingu, akashika koleo. Mama akamnyooshea mkono asubiri. Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya chai, akafungua kifuniko chake kile cha kunywea, akamimina loshoro nyepesi kama uji. "Nimeichuja mara tatu," akasema. Akanipa na kijiko cha mtoto.

Nikakaa juu ya jiwe lililokuwa linashikilia turubai, nikala. Kijiko, nangoja. Kijiko, nangoja. Aminieli, Mama Upendo na fundi walisimama wananitazama kama wanatazama mechi ya penalti. Tone moja la mvua likaanguka kwenye mchanga wa fundi.

"Mama, mvua..." fundi akaanza.

"Mtu anakula," mama akamkata.

Kijiko cha tano kikafika mahali pake. Nikaweka kifuniko chini, kimebaki robo.

"Nimeshiba, mama."

Nikangoja. Wote tukangoja. Mama aliokota kile kifuniko, akachungulia ndani, akanitazama usoni muda mrefu, kisha akanywa iliyobaki na kufuta mdomo kwa kanga.

"Ameshiba," akasema. "Fundi, koroga."